Mtoto aliyetoka machimboni si kibarua wa palizi

Leo mbolea na viuatilifu tuviweke pembeni kidogo, kuna jambo linatuhusu sisi tunaolima Shinyanga, Kahama na Geita.

Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto kwenye machimbo madogo ya dhahabu, baada ya kufika Geita, Kahama na Chunya. Ilieleza watoto wanaoshuka kwenye maduara, wanaobeba na kuponda mawe, wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu na kuvuta mvuke wake inapochomwa.

Wapo wanaotoka huko. Swali langu: wakitoka wanakwenda wapi? Baadhi wanakuja mashambani kwetu. Tunawapa jembe na vijisenti, halafu tunajisifu tumewaokoa. Mimi nasema hapana. Huyo mtoto kabadilisha bosi tu.

Angalia kalenda yetu. Mvua zikianza Novemba tunapanda. Januari shule zinafunguliwa, na palizi nayo inapamba moto. Mtoto uliyemkabidhi mistari ya pamba wiki hiyo ndiye aliyekosekana darasani. Palizi ikiisha huna kazi naye, shule imeshampita, na machimboni hela inaonekana haraka. Unadhani ataenda wapi?

Najua mtaniambia, "Afisa, hata sisi tulilima tukiwa wadogo." Sawa. Kumsaidia mama kupalilia baada ya vipindi ni malezi. Kumwajiri mtoto Jumatatu asubuhi ni jambo jingine. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isiyomzuia kusoma. Kazi ya hatari hairuhusiwi kabisa chini ya miaka 18. Bomba la dawa mgongoni ni hatari, hilo halina mjadala.

Hoja nzito ni hii: nyumbani watakula nini? Basi kazi mpe mzazi. Mlipe malipo ya haki, siku hiyo hiyo, usimzungushe mpaka mavuno. Njaa ya nyumbani ndiyo inamrudisha mtoto duarani.

Mtoto mwenyewe mpeleke kwa mwalimu mkuu au Afisa Elimu Kata, uulizie MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa. Aliyepitwa na umri haanzi darasa la kwanza na watoto wa miaka sita, aibu hiyo inaepukwa. Ada ilifutwa, ila daftari, sare na uji bado vinahitaji mtu. Kikundi cha wakulima kumi hakishindwi kuchangia gunia la mahindi.

Ukiona anatetemeka mikono au anasahau sana, usimwite mvivu. Zebaki inashambulia mishipa ya fahamu. Mpelekeni hospitali, na daktari aambiwe alikuwa machimboni.

Yule wa miaka 16 anayekuja Jumamosi kwa saa chache, mfundishe kazi yenye hesabu. Mahindi ya sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo, ekari inabeba miche karibu 18,000. Mwache aipate hesabu mwenyewe, na daftari la matumizi alione. Aliyezoea kupima dhahabu kwa pointi hawezi kushindwa. Akifikia kuchagua VETA au kilimo, awe anachagua kweli.

Kwa hiyo mnapopanga bajeti ya msimu huu, vibarua wa palizi wahesabuni watu wazima tu. Gharama itapanda kidogo. Tuilipe.