Muwasho Una Chanzo Chake



Hapa Ubaruku tunalima mpunga. Tunashinda majarubani, miguu ndani ya maji. Jioni tunarudi nyumbani na matope. Usiku, badala ya kulala, wengine wetu tunajikuna. Vipele vinatoka, vinapona, vinatoka tena. Ukimwuliza mtu amepatwa na nini, anajibu, "Sijui. Ni muwasho tu."

Neno hilo "sijui" linatuletea hasara. Asiyejua hukisia. Mmoja anasema amerogwa, anamnunia jirani yake. Mwingine anajipaka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Dawa hiyo ni sumu, nayo hupenya ngozi. Mwingine ananunua dukani mafuta makali bila kuuliza. Yanamtuliza siku mbili tatu, kumbe ugonjwa unaendelea chini kwa chini. Mwingine anaona haya, anavaa mikono mirefu na kunyamaza.

Maoni yangu ni haya: muwasho usiojulikana chanzo chake si muwasho usio na chanzo. Chanzo kipo, ila hakijatafutwa. Na sisi tuliojifunza kuandika tunayo zana ya kukitafutia. Zana hiyo ni daftari na kalamu.

Tazama jinsi muwasho unavyotofautiana.

Upele huletwa na kidudu kidogo sana. Jike huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Muwasho wake huzidi usiku. Vipele hutokea katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, makwapani, kiunoni na sehemu za siri. Upele huambukiza watu wanaolala pamoja. Anayeupata kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki nne hadi sita kabla ya kuanza kuwashwa. Ndiyo maana hakumbuki alikoupata.

Muwasho wa maji ni mwingine. Vijidudu vya kichocho hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Ngozi huweza kuwasha saa chache baadaye, pale maji yalipofika.

Dawa za kuua magugu na wadudu nazo huwasha. Muwasho huwa mahali dawa ilipomwagikia, au mgongoni palipokaa bomba la kunyunyizia linalovuja.

Tena, vipele vya mikononi na miguuni vinavyowasha kwa miezi bila kukoma vyaweza kuwa dalili ya VVU. Kupima si aibu. Dawa za kumsaidia mgonjwa zipo.

Sasa, mganga wa zahanati atatofautishaje haya yote, ikiwa umekwisha kujikuna mpaka ngozi ikachubuka? Msaidie. Kabla hujaenda, andika:

1. Muwasho ulianza tarehe gani?
2. Unazidi usiku au mchana?
3. Unawasha mahali gani mwilini?
4. Nani mwingine nyumbani anajikuna?
5. Siku hizo ulifanya kazi gani, na ulishika dawa gani?
6. Umekwisha kupaka nini?

Ni mistari sita tu. Lakini yaweza kukuokoa.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana watoto wanne wanaolala kitanda kimoja. Mmoja anajikuna. Anapelekwa zahanati, anapewa dawa ya upele, anapona. Baada ya wiki chache anajikuna tena. Mama anasema, "Dawa haifai." Lakini dawa inafaa. Kosa ni kwamba wenzake hawakupakwa. Kama mama angeandika jibu la swali la nne, mganga angejua mapema. Upele hutibiwa nyumba nzima kwa siku moja, hata wale wasiowashwa. Nguo na shuka hufuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Hata baada ya vidudu kufa, muwasho waweza kuendelea wiki mbili hadi nne. Usiongeze dawa kwa hasira. Rudi ukaulize.

Labda utasema, "Mimi si mtaalamu. Nitaona nini?" Usijidharau. Mwaka 1687, huko Italia, mganga aitwaye Bonomo alieleza habari za kidudu cha upele. Alikuwa amesikia kwamba akina mama maskini hukitoa kwenye ngozi za watoto wao kwa ncha ya sindano. Waganga wengi hawakusadiki. Mwaka 1834 mwanafunzi mmoja kutoka kisiwa cha Corsica alikitoa kidudu hicho kwa sindano mbele ya waganga wa Paris. Naye alijifunza kwa wanawake wa kwao. Akina mama waliona kabla ya wakubwa wa hospitali.

Mganga wa zahanati akishindwa, usikate tamaa. Mwombe akuandikie barua ya kwenda hospitali ya wilaya huko Rujewa. Chukua daftari lako. Hospitali ya wilaya ikishindwa, iko Hospitali ya Rufaa Mbeya. Pengine chanzo hakitajulikana siku ya kwanza. Endelea kuandika. Kata kucha za watoto, maana mikwaruzo huingiza uchafu na kuleta usaha.

Mwaka 1973 palikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya katika nchi yetu. Watu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana. Kisha walikwenda kuchimba vyoo. Kusoma kwao kulizaa kazi. Nasi tufanye hivyo. Kila mwanadarasa mwenye muwasho nyumbani kwake aandike mistari yake sita leo jioni, kisha aende zahanati kabla ya kumlaumu jirani.

Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humfichua.