Superman, chupi nyekundu na risiti ya pili

Nilikuwa nimeahidi kuendelea na mada ya hifadhidata, lakini hifadhidata haitakimbia. Leo nataka tuzungumze kuhusu Superman. Tena tutaanza na chupi yake.

Ndiyo, chupi. Ile nyekundu anayoivaa juu ya suruali ya samawati. James Gunn alipokuwa akitengeneza filamu ya Superman iliyotoka Julai 2025, mashabiki walibishana sana: ataivaa au hataivaa? Kulikuwa na waliosema kwamba bila chupi huyo si Superman wa vitabu vya katuni. Wengine wakajibu kwamba mwanamume mzima kuvaa chupi juu ya suruali ni kichekesho tu. Picha zikatoka, chupi ikaonekana, upande mmoja ukashangilia kana kwamba timu yao imefunga bao.

Rafiki zangu wasiopenda filamu hizi wananiuliza: kweli watu wazima wanagombania chupi ya mtu asiyekuwepo? Mimi siwacheki. Kazi yangu ni kuandika programu, na ugomvi huu ninaujua vizuri. Ni ugomvi wa mtu aliyezoea programu ya zamani na mtu aliyepewa kazi ya kuiandika upya.

Ngoja niwasimulie kisa changu.

Mabati hayatoki

Miaka mingi iliyopita nilipewa kazi ya kuandika upya programu ya mauzo ya duka moja la vifaa vya ujenzi. Ile ya zamani ilikuwa na skrini nyeusi na maandishi ya kijani, na ilikuwa na tabia moja ya ajabu: kila mauzo yalitoa risiti mbili. Nikasoma msimbo wote, sikuona sababu. Nikaamua hiyo ni hitilafu, nikaiondoa. Hata nikajisifu moyoni kwamba nimewapunguzia gharama ya karatasi.

Siku ya pili mama aliyekuwa keshia akanipigia simu. "Kijana, turudishie risiti yetu." Nikamweleza kwa upole kwamba programu mpya ni bora kuliko ya zamani. Akanikata: "Sikukuuliza kama ni bora. Nakwambia mabati hayatoki."

Kumbe risiti ya pili ilikuwa ya askari wa lango. Yeye ndiye aliyekuwa akihesabu mabati na mifuko ya saruji kabla gari halijatoka, kisha anabaki na ile karatasi. Bila karatasi, hakuna kutoka. Nilipofika pale malori yalikuwa yamejipanga hadi barabarani, na kila dereva ananitazama mimi.

Nilirudisha risiti jioni ileile. Baada ya miezi kadhaa tuliweka tarakilishi ndogo langoni, askari akawa anaona kila mauzo kwenye skrini yake, na risiti ya pili ikafa kifo cha kawaida. Hakuna aliyelalamika.

Basi kumbuka mambo mawili katika kisa hiki. Kwanza, yule mama alikuwa na haki ya kupiga kelele. Pili, kitu alichohitaji hakikuwa karatasi. Alihitaji kazi iliyokuwa ikifanywa na ile karatasi.

Sasa turudi kwa Superman.

Katuni ipi?

Shabiki anaposema "nataka filamu iwe kama katuni", swali langu la kwanza ni: katuni ipi? Toleo gani?

Superman wa kwanza, aliyeandikwa na Jerry Siegel na kuchorwa na Joe Shuster katika Action Comics namba 1 ya mwaka 1938, hakuweza kupaa. Alikuwa akiruka tu, mruko mmoja kama mita 200. Gazeti alilofanyia kazi halikuwa Daily Planet bali Daily Star. Na lile jiwe linalomnyong'onyeza, kryptonite, halikutoka kwenye katuni kabisa. Lilitoka kwenye mchezo wa redio mwaka 1943, na katuni zikalichukua mwaka 1949. Yaani jambo ambalo kila shabiki atakuapia kwamba ni la katuni liliazimwa kutoka redioni!

Mwaka 1986 John Byrne alipewa kazi ya kuianza hadithi upya, kama sisi tunavyotupa msimbo wa zamani na kufungua faili tupu. Mwaka 2011 kampuni ya DC ikaanza upya tena, na safari hiyo katuni zenyewe zikaivua ile chupi. Ilirudi mwaka 2018 katika Action Comics namba 1000. Kwa hiyo Superman wa filamu ya Man of Steel ya mwaka 2013, asiyekuwa na chupi, alikuwa mwaminifu kabisa kwa katuni zilizokuwa zikiuzwa madukani mwaka huo.

Halafu kuna sisi wengine. Mimi sikukutana na Superman kwenye katuni. Nilimjua kwa kanda ya video iliyochakaa ya filamu ya mwaka 1978, yule Christopher Reeve, na ule muziki wa John Williams. Kwangu mimi huyo ndiye toleo la kwanza, na katuni nilizisoma nikiwa mtu mzima. Je, mimi nina haki ya kudai uaminifu kwa nini?

Ukilipima jambo kwa swali la "je, imefanana?" hutafika popote, kwa sababu kila mtu ana nakala yake kichwani. Mimi napendekeza swali la duka la vifaa vya ujenzi: hiki kilichoondolewa kilikuwa na kazi gani, na sasa kazi hiyo inafanywa na nani?

Tulijaribu swali

Tuanze na Spider-Man ya Sam Raimi ya mwaka 2002. Kwenye katuni tangu 1962, Peter Parker alijitengenezea mwenyewe vifaa vya kurushia utando. Raimi akaviondoa, utando ukawa unatoka mwilini mwake. Mashabiki walikasirika, na walicheka wale waliowaona wanalalamikia jambo dogo. Lakini uliza swali letu. Vile vifaa vilikuwa na kazi: vilituonyesha kwamba huyu kijana maskini ni fundi, kwamba nusu ya nguvu zake hazikutoka kwa buibui bali kichwani mwake. Kazi hiyo kwenye filamu ilibaki bila mtu wa kuifanya vizuri. Hapo mashabiki walikuwa na hoja. Hata hivyo kazi kubwa kuliko zote katika hadithi ile, yaani uchungu wa kijana aliyemwachia mwizi apite kisha akampoteza mjomba wake, ilifanyika barabara. Ndiyo maana filamu ile bado inapendwa. Risiti moja ilipotea, lakini mabati yalitoka.

Sasa Man of Steel. Mwishoni Superman anamvunja shingo Jenerali Zod. Kelele zikapigwa: Superman haui! Katuni haziko hivyo!

Samahani, katuni ziko hivyo. Mwaka 1988, katika hadithi ya John Byrne huyohuyo, Superman aliwaua kwa kryptonite wahalifu watatu wa Krypton, na Zod alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo aliyesema jambo hilo halimo kwenye katuni hakuwa amezisoma zote.

Lakini je, alikosea kukasirika? Mimi nasema hapana. Kwenye katuni, mauaji yale yalikuwa na matokeo. Yalimtesa, akajiona hafai kuishi na watu, mwishowe akaiacha dunia akaenda kutangatanga angani. Kazi ya tukio lile ilikuwa kutuonyesha kwa nini haui. Kwenye filamu analia kwa uchungu, ni kweli, lakini dakika chache baadaye tunamwona kavaa miwani anaingia ofisini Daily Planet akitabasamu. Walichukua tukio wakaacha kazi yake. Shabiki alihisi pengo akalipa jina lisilo sahihi. Watumiaji wa programu hufanya hivyo kila siku. Wakikwambia panauma, waamini. Wakikwambia dawa ni ipi, chunguza kwanza.

Na mfano wa kinyume ni Watchmen ya mwaka 2009. Zack Snyder alifuata picha za kitabu kwa karibu mno, mahali pengine unaweza kuweka ukurasa kando ya skrini ukalinganisha. Ugomvi mkubwa ukawa juu ya mwisho, kwa sababu yule ngisi mkubwa wa kitabuni aliondolewa. Mimi ngisi hakunisumbua, kwa kuwa kazi yake, kuwatisha maadui mpaka wapatane, ilipewa kitu kingine. Kilichonisumbua ni mapigano. Kitabu kinakufanya uwaone wale watu waliovaa barakoa kuwa ni wagonjwa na wa kuogopwa. Filamu inawapunguzia mwendo wakipigana ili uone walivyo wazuri. Picha zilinakiliwa, maana ikageuka. Ni kama programu iliyohamishwa mstari kwa mstari hadi lugha nyingine, ikaanza kutoa majibu mengine.

Na huyu wa 2025?

Kama hujaitazama, ruka hadi kichwa kinachofuata.

Chupi kwanza. Gunn alieleza kwamba alikuwa na shaka nayo, mpaka David Corenswet, anayeigiza Superman, alipomwambia kuwa anataka mtu ambaye watoto hawatamwogopa. Tazama hapo! Mtu mwenye uwezo wa kubomoa jengo kwa kidole anahitaji kitu kinachosema "usiniogope", na hakuna anayeogopa mtu aliyevaa kama mcheza sarakasi. Chupi imepewa kazi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kurudisha kitu kwa sababu watu wamepiga kelele na kukirudisha kwa sababu umejua kilikuwa kinafanya nini.

Lililowaudhi wengi ni ujumbe wa wazazi wake wa Krypton. Tumezoea kwamba Jor-El na Lara walimtuma mtoto aje kuwa nuru ya dunia. Katika filamu hii, sehemu ya pili ya ujumbe inapopatikana, wanamwambia aje atawale. Baadhi ya mashabiki waliona huo ni usaliti mkubwa kuliko kumvua chupi.

Uliza swali letu. Ujumbe ule ulikuwa na kazi gani? Kumpa sababu ya kuwa mwema. Sasa kazi hiyo inafanywa na nani? Inafanywa na Jonathan na Martha Kent, wakulima wa Kansas, na inafanywa na yeye mwenyewe anapochagua. Mwanzoni anatulizwa na picha za wazazi wa Krypton. Mwishoni anatazama video za nyumbani za utotoni mwake na akina Kent. Kazi haikufutwa, imehamishiwa langoni. Katikati ya vita na jitu kubwa anasimama kumwokoa kindi mmoja. Kindi! Kwangu mimi huyo ni Superman, na angekuwa Superman hata kama angevaa kanzu.

Unaweza kunipinga. Unaweza kusema kwamba matumaini ya wazazi wanaokufa yana uzito ambao shamba la Kansas haliwezi kuubeba. Hiyo ni hoja nzuri, na ningependa kubishana juu yake kuliko juu ya nguo.

Tunachopewa ni tunachodai

Hapa ndipo penye wasiwasi wangu. Mashabiki tuna nguvu. Mwaka 1988 Michael Keaton alipotangazwa kuwa Batman, inasemekana barua kama 50,000 za kupinga zilifika Warner Bros. Hiyo ni kabla ya kila mtu kuwa na intaneti mfukoni. Walimkataa kwa sura na kimo, na kwa kuwa alijulikana kwa vichekesho. Filamu ikatoka 1989, na leo kuna wanaoapa kwamba hajatokea Batman mwingine kama yeye.

Studio zimejifunza kutusikiliza. Lakini wanasikia tunachokipigia kelele zaidi. Tukipigia kelele rangi ya nguo, watatupa rangi ya nguo, maana hiyo ni rahisi. Watatia jina la mtaa kutoka ukurasa wa 14, watamweka mhusika wa zamani kwa sekunde tano, ukumbi utapiga makofi, na hadithi itakuwa tupu. Nimewahi kuwafanyia wateja hivyohivyo, nakiri. Walilalamika kwamba programu ni ngumu kutumia, nikawabadilishia rangi ya vitufe. Walifurahi wiki moja.

Kwa hiyo ndugu msomaji, trela nyingine ya shujaa itakapotoka, na itatoka tu, dai haki yako. Usikubali kuambiwa ni katuni za watoto nyamaza. Ila kabla ya kuandika kwa herufi kubwa na kumtukana mwigizaji ambaye hata hujamwona akifungua kinywa, fanya kama yule mama wa keshia. Hakunitukana, wala hakunihubiria juu ya risiti za zamani. Aliniambia kitu kimoja tu nikakimbia: mabati hayatoki.

Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata. Safari hii nakusudia kutimiza ahadi.