Maksai Analima kwa Tumbo, Siyo kwa Fimbo

Mwezi wa kumi ndo huo unabisha hodi, na simu ninazopokea wiki hizi zinafanana: "Bwana shamba, mvua zinakaribia, maksai wangu hawana nguvu kabisa, niwachome sindano gani?" Naomba niseme wazi, hata kama wengine hawatapenda. Ukishahakikisha hana ugonjwa wala minyoo, hakuna sindano ya kumpa. Huyo ana njaa.

Tuangalie kalenda yetu huku Shinyanga na Simiyu. Maksai anapata majani mabichi mpaka mwezi wa tano hivi. Kuanzia wa saba ni mabua na nyasi kavu, tena kwa kutembea mbali kutafuta maji. Mvua ya kwanza ya kulimia ikinyesha, yeye ndo yuko mwembamba kuliko wakati wowote wa mwaka. Na siku hiyohiyo tunamfunga nira na kumpeleka kwenye ardhi ngumu kuliko zote atakazolima msimu mzima. Akilala kwenye mfereji tunasema mvivu, tunakata fimbo nyingine.

Hesabu yake siyo ngumu. Ng'ombe anaweza kuvuta kwa muda mrefu, bila kuumia, nguvu inayolingana na takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Maksai wetu wa kienyeji wa kilo 300 anavuta kama kilo 30, jozi ni 60. Plau kwenye udongo wa mbuga inaweza kudai 100 na zaidi, ndiyo maana wazee walifunga jozi mbili. Sasa chukua maksai aliyepoteza kilo 50 wakati wa kiangazi, mfunge jozi moja tu, halafu shangaa kwa nini plau haizami.

Kosa ninalokutana nalo sana ni mtu kuanza kulisha siku ya kulima. Amechelewa huyo. Maksai anayefanya kazi hahitaji chakula tu, anahitaji muda wa kula na muda wa kucheua, na siku ya kulima huo muda ndo unaoliwa na plau. Hata ukimwekea chakula kizuri, mara nyingi hali cha kutosha kufidia nguvu aliyotumia. Anachotumia shambani ni akiba aliyokuja nayo mwilini. Kwa hiyo akiba iwekwe sasa, wiki sita hadi nane kabla ya kazi.

Iwekwe kwa nini? Mwenye ngitili afungulie maksai kwanza, kabla ya ng'ombe wengine. Hii mila ya kuhifadhi malisho tuliirithi kwa wazee, na mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 uliifufua baada ya mkoa kuwa jangwa, sasa inashangaza kuona mtu analishia ngitili yote mwezi wa saba. Halafu sisi ni watu wa pamba, mashudu hayako mbali. Kilo moja hadi moja na nusu kwa maksai kwa siku, juu ya mabua au majani ya karanga, inaonekana mwilini ndani ya mwezi. Anza na nusu kilo, panda taratibu. Usimmwagie ndoo ya mahindi ukidhani unampa nguvu za haraka. Tumbo la ng'ombe halikuzoea nafaka nyingi ghafla, linachachuka, na anaweza kufa. Jiwe la chumvi liwepo, na maji ya kutosha. Siku ya kazi na jua hili anaweza kunywa lita 40.

Chakula peke yake hakitoshi. Maksai aliyekaa bila kazi tangu mwezi wa pili misuli imelala na ngozi ya shingo imelainika. Wiki mbili au tatu kabla ya kulima mfunge nira avute gogo au mkokoteni wa maji, nusu saa asubuhi, kesho yake tena, kisha ongeza polepole mpaka masaa mawili. Nira ipigwe msasa kabisa, kidonda cha shingo kikianza msimu umeharibika. Kila mmoja akae upande wake uleule, kulia au kushoto.

Na wanaofundisha wadogo: jamani, dume la mwaka mmoja na nusu siyo maksai, ni mtoto. Subiri afike miaka miwili na nusu au mitatu, mfungishe na mzee anayejua kazi, na kazi nzito ingoje afike miaka minne. Anayevunjwa mapema hafiki miaka sita akiwa na nguvu.

Sasa kwenye jambo linaloniudhi: kulimia watu kwa kukodi. Sipingi biashara, maksai wamesomesha watoto wengi. Lakini malipo ni kwa heka, kwa hiyo vijana wanaanza alfajiri, wanapitiliza mchana, jioni wanarudia kwa jirani. Masaa manne au matano ya asubuhi yanatosha, saa tano nira ivuliwe. Akitoa ulimi nje na povu linadondoka, simama, hata kama imebaki mistari miwili. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtumikisha mnyama kupita kiasi, ila mimi sina haja ya kukutisha na sheria. Fanya hesabu mwenyewe: heka moja ya ziada leo, au jozi iliyolala wiki nzima wakati unyevu unakauka na majirani wanapanda?

Kijana unayemkabidhi plau mpe maelekezo ya saa, siyo ya heka tu. Na mwenye madume ya kuhasi aniite wiki hii, kabla mvua haijaleta nzi na matope.