Kompyuta ya Kituo cha Afya na Haki ya Mgonjwa



Si muda mrefu uliopita nilimsindikiza bibi mmoja wa kigango chetu, mwenye homa kali, hadi kituo kimoja cha afya katika milima yetu hii. Jina la kituo halina maana hapa. Tulifika saa mbili asubuhi. Mganga alikuwapo, dawa zilikuwapo, na bibi, kwa umri na umaskini wake, alistahili msamaha wa malipo. Hata hivyo kijana wa mapokezi alituambia kwa upole, "Padri, mtandao umekatika, siwezi kumwandikisha." Tukaketi. Saa sita muuguzi mmoja mtu mzima alichoka kututazama, akafungua kabati, akatoa daftari lililojaa vumbi na kumwandika bibi kwa kalamu. Dakika chache baadaye mgonjwa alikuwa mbele ya mganga. Tangu siku ile najiuliza: daftari lile lilikatazwa na nani?

Sisemi haya kwa kuichukia kompyuta. Katika miaka ya 1990, madaftari ya MTUHA yalipoanza kuenea nchini, wauguzi walimaliza kila mwezi wakihesabu mistari kwa kidole, na pengine taarifa ilipofika wilayani ugonjwa ulikwisha kuua. Kufikia mwisho wa mwaka 2013 mfumo wa DHIS2 ulikuwa umeenezwa nchi nzima, na jumla zile zikaanza kusomwa mapema zaidi. Kisha ukaja mfumo wa GoT-HoMIS, ulio chini ya TAMISEMI, unaomfuata mgonjwa kutoka mapokezi hadi dirisha la dawa na kuandika kila shilingi aliyolipa. Pasipo risiti, fedha ya maskini hupotea njiani. Anayelidharau jambo hilo hajawahi kuuza kuku ili alipie matibabu.

Lakini chombo hiki twakipimaje? Desturi yetu ni kuhesabu: kompyuta kadhaa zimefungwa, watumishi kadhaa wamefundishwa, mapato yamepanda. Hizo ni hesabu za mnunuzi. Mgonjwa ana hesabu zake: amengoja muda gani, amepata dawa au hakupata, na mganga alimtazama usoni au alikitazama kioo.

Mwaka 2002 Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kuunganisha kumbukumbu za wagonjwa katika huduma yake ya afya ya taifa. Mabilioni ya pauni yalitumika, na mwaka 2011 serikali ikatangaza kuuvunja. Sababu zilikuwa nyingi. Mojawapo ni kwamba mifumo iliamuliwa juu, na waganga na wauguzi ambao wangeitumia hawakushirikishwa vya kutosha. Taifa lenye mali kiasi kile lilijikwaa hapo hapo ambapo nasi twaweza kujikwaa.

Wilaya yetu ya Buhigwe ilimegwa kutoka Kasulu mwaka 2012. Umeme wa gridi ya Taifa uliingia Kasulu na Kibondo Oktoba 2022, nayo ilikuwa hatua kubwa. Ila radi za masika haziogopi gridi. Mfumo unaofaa kwetu ni ule unaoendelea kuhudumia umeme na mtandao vinapokatika, na jambo hilo hupimwa siku ya mvua, si siku ya uzinduzi.

Kuna na suala la siri. Mimi ni mtu wa kitubio, hivyo hilo lanigusa kwa namna ya pekee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Lakini kijijini, ambako kila mtu ni shemeji au jirani wa mwenzake, neno la siri la kompyuta likibandikwa ukutani, anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ataacha kuja kuzichukua. Atakufa kwa aibu, na mfumo utaandika tu kwamba hakuhudhuria.

Kamati ya kila kituo ina wajumbe wanaotoka kwa wananchi, na baadhi yenu mmo humo. Katika kikao kijacho msiridhike kusomewa mapato. Ulizeni ni mara ngapi mtandao ulikatika mwezi uliopita, na wagonjwa waliokuwapo siku hizo walifanyiwa nini. Ulizeni ni nani wanaoweza kufungua kumbukumbu za mtu. Waulizeni wauguzi wenyewe, msimwulize mkuu wa kituo peke yake. Kisha ombeni kuliona lile daftari la dharura, likiwa juu ya meza ya mapokezi na kalamu yake.