Kipindi cha Kweli ni Bora Kuliko Tarehe ya Kubuni

Mwanasayansi hutambuliwa kwa mambo mawili: kwa kile anachokijua, na kwa namna anavyokieleza kile asichokijua sawasawa. Apimaye urefu wa meza kwa rula ya sentimita hathubutu kuandika jibu lenye sehemu za elfu za milimita, kwa kuwa chombo chake hakina uwezo huo. Kanuni hii hufundishwa katika maabara ya fizikia tangu kidato cha kwanza. Lakini mwanafunzi huyo huyo akitoka maabara na kuketi kuandika historia ya ukoo wake, kanuni huisahau. Bibi aliyezaliwa “miaka ile ya karanga” huandikwa kuwa alizaliwa tarehe 1 Januari 1950, na tangu siku hiyo ukoo mzima huamini jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulishuhudia.

Historia za koo sasa huzidi kuandikwa kwa kompyuta na kwa simu. Programu za kazi hiyo humwonyesha mtumiaji visanduku vya siku, mwezi na mwaka, naye akiona kisanduku kitupu hushikwa na hamu ya kukijaza. Hapo ndipo kosa linapoingia. Tarehe iliyobuniwa haina alama ya kuitofautisha na tarehe iliyonakiliwa kutoka cheti cha kliniki; zote mbili huonekana sawa machoni pa msomaji wa baadaye. Neno “takriban” likishaondolewa halirudi tena, maana aliyeliondoa ndiye peke yake aliyejua kwamba lilikuwapo.

Ugonjwa huu haukuanza na kompyuta. Wataalamu wa takwimu za watu wanaufahamu vizuri kutokana na sensa. Watu wasiojua umri wao kwa hakika hutaja miaka inayoishia na sifuri au tano, na hivyo jedwali la umri huonyesha watu wengi mno wa miaka 40 na 45, na wachache mno wa miaka 41 na 44. Kiko kipimo maalumu cha mrundikano huo, kiitwacho kipimo cha Whipple: 100 humaanisha kwamba hakuna mrundikano, na 500 humaanisha kwamba kila mtu ametaja umri unaoishia na sifuri au tano. Ili kuupunguza, makarani wa sensa hupewa orodha ya matukio makubwa ya nchi na ya wilaya, wamsaidie mhojiwa kukumbuka alikuwa na ukubwa gani jambo fulani lilipotokea. Kalenda ya matukio, basi, ni chombo cha kitaalamu, nacho hustahili kupewa nafasi yake katika shule za sekondari.

Pwani ya Lindi na Kilwa ina matukio mengi ya namna hiyo. Mwalimu anayefundisha Mtanda, mjini Lindi, hana haja ya kuagiza vifaa kutoka mbali. Vita vya Majimaji vilianza katika milima ya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, mwezi Julai 1905, na kuendelea katika nchi ya kusini hadi 1907. Mapigano ya Mahiwa, baina ya Waingereza na Wajerumani, yalipiganwa katika bara ya Lindi tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917. Mpango wa karanga wa Nachingwea ulianza mwishoni mwa miaka ya 1940, na serikali ya Uingereza ikauvunja mwaka 1951. Kisha tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kikubwa kiliipiga Lindi na kuua watu.

Matukio hayo hayalingani kwa upana. Kimbunga ni cha siku moja, Mahiwa ni ya siku nne, Majimaji ni ya miaka miwili, na karanga ni za miaka kadhaa. Mzee akisema babu yake alizaliwa “wakati wa Majimaji”, amempa mwanafunzi kipindi, wala hakumpa tarehe. Kuandika 1905 peke yake ni kukikata kipindi hicho na kutupa sehemu yake kubwa. Lililo sahihi ni kuandika “kati ya 1905 na 1907”, na kuhifadhi pembeni maneno ya mzee kama alivyoyatamka.

Programu nzuri huruhusu jambo hilo, ingawa watumiaji wengi hawajui. Muundo wa faili uitwao GEDCOM, ambao ulibuniwa mwaka 1984 na ambao programu nyingi za ukoo huutumia kubadilishana habari, unazo njia za kuandika kabla ya, baada ya, takriban, na kati ya mwaka huu na ule. Unatenganisha pia mambo mawili ambayo lugha ya kila siku huyachanganya. La kwanza ni tukio la siku moja ambalo siku yake haijulikani: mtoto alizaliwa kati ya 1950 na 1952. La pili ni hali iliyodumu: baba yake alifanya kazi Nachingwea tangu 1948 hadi 1950. Katika faili la kwanza huandikwa BET 1950 AND 1952, na la pili FROM 1948 TO 1950. Mtoto hakuzaliwa kwa muda wa miaka miwili, lakini baba alifanya kazi kwa muda huo wote. Mwanafunzi asiyeiona tofauti hiyo ataandika upuuzi bila kujua.

Muundo huo una upungufu unaowahusu watu wa pwani. Kalenda zinazotajwa ndani yake ni ya Gregori, ya Juliasi, ya Kiyahudi na ile ya Mapinduzi ya Ufaransa. Kalenda ya Hijria haimo. Ipo programu ya bure iitwayo Gramps inayoitambua kalenda ya Kiislamu, lakini faili likihamishiwa kwingine habari hiyo yaweza kupotea. Kwa mtu wa Lindi au Kilwa hili si jambo dogo, maana barua za zamani, maandishi ya makaburini na kumbukumbu zilizoandikwa ndani ya jalada la msahafu hutumia miaka ya Hijria. Mwaka 1371 wa Hijria ulianza mwezi Oktoba 1951 na kumalizika mwezi Septemba 1952. Anayeugeuza kuwa 1951 amekosea, na anayeugeuza kuwa 1952 amekosea pia. Ni lazima aandike kipindi, na pembeni yake aweke mwaka wa Hijria kama ulivyo.

Wako watakaosema kwamba haya yote ni kushabikia mashaka, na kwamba kipindi ni jibu la mtu mvivu. Mfano mmoja wa kubuni watosha kuonyesha kinyume chake. Bibi mmoja ana kitambulisho kinachosema alizaliwa 1 Januari 1950. Mjukuu akimuuliza vizuri, anajibu kwamba mama yake alimweleza mambo mawili: kwamba siku ya kimbunga alimbeba mgongoni, naye alikuwa hajajua kutembea; na kwamba alimzaa ndani ya mwezi wa Ramadhani.

Habari ya kwanza yatoa kipindi kimoja. Watoto walio wengi huwa wanatembea wafikapo miezi 18. Kwa hiyo bibi huyo alizaliwa kati ya Oktoba 1950 na Aprili 1952. Habari ya pili yatoa vipindi vifupi kadhaa. Ramadhani ya mwaka 1950 ilikuwa Juni na Julai. Mtoto wa mwezi huo angekuwa na miezi 21 au zaidi siku ya kimbunga, na angekuwa anakimbia. Ramadhani ya 1952 ilianza mwishoni mwa Mei, baada ya kimbunga kupita. Inabaki moja tu, ile ya mwaka 1951, iliyoanza tarehe 6 Juni na kumalizika tarehe 5 Julai, kwa tofauti ya siku moja au mbili kwa kutegemea kuandama kwa mwezi. Hayo ndiyo makutano ya seti ambayo wanafunzi huyafanya katika somo la hisabati. Vipindi viwili, ambavyo kila kimoja kilionekana kipana, vimekutana na kutoa mwezi mmoja. Tarehe iliyoonekana kamili, ya siku, mwezi na mwaka, imekosea kwa mwaka mmoja na miezi mitano.

Elimu nyingine za wakati uliopita hufuata njia hiyo hiyo bila kuona haya. Katika kilima cha Tendaguru, bara ya Lindi, msafara wa Wajerumani ulichimba mifupa ya dinosaria tangu 1909 hadi 1913, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama hao sasa amesimamishwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin, akiwa na kimo cha zaidi ya meta 13. Wanajiolojia husema aliishi takriban miaka milioni 150 iliyopita, na takriban hiyo yabeba mamilioni ya miaka. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa nazo zina jina la mtawala bila mwaka. Anayezichunguza huziweka katika kipindi cha utawala wake na kutosheka. Hakuna anayewaita wataalamu hao wavivu. Mwaka 2019 hata shirika la kimataifa la viwango lilitoa kanuni za kuandika tarehe za makadirio na za mashaka, kwa kuwa maktaba na hifadhi za nyaraka duniani zinazihitaji.

Ni kweli kwamba ofisi huhitaji tarehe moja. Mafao ya uzeeni hayalipwi kwa kipindi, wala mtoto haandikishwi shule kwa makadirio. Tarehe ya kitambulisho basi ibaki katika kumbukumbu, lakini iandikwe kwa jina lake: tarehe iliyomo katika kitambulisho. Kipindi kilichopatikana kwa mahojiano kiandikwe pamoja nayo, kikiwa na hoja zake. Kompyuta haitashindwa kupanga ndugu kwa mfuatano, maana kila kipindi kina mwanzo na mwisho, na kwa hivyo viwili chaweza kulinganishwa na kingine. Panapokuwa na vipindi vinavyoingiliana, asiyejua nani mkubwa na nani mdogo na aseme hajui, hasa katika koo ambamo ukubwa wa kuzaliwa hugusa heshima na mirathi.

Shule yoyote ya pwani yaweza kuianza kazi hii muhula huu kwa daftari lenye safu nne: maneno ya mzee yenyewe, mwanzo wa kipindi, mwisho wa kipindi, na sababu ya kuviweka vilipo. Baadaye safu hizo zihamishiwe katika kompyuta. Maneno ya mzee yatangulie, kwa maana hesabu yaweza kurudiwa na mtu mwingine, lakini ushahidi ukipotea haurudiwi.

Pana sababu ya kufanya haraka. Unguja ilipigwa na kimbunga tarehe 15 Aprili 1872, na Lindi siku kama hiyo mwaka 1952. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na mvua zake zikaharibu barabara ya kusini huko Kilwa. Mtoto wa leo akisikia “mwaka wa kimbunga” atafikiri 2024. Aliyekuwa na miaka saba mwezi Aprili 1952, na kukiona kimbunga kwa macho yake, amekwisha kufikia miaka 80. Yeye ndiye awezaye kusema nani alikuwa mgongoni siku ile, nani alikuwa tumboni, na nani alikuwa bado. Mwanafunzi wa Mtanda anayetaka kujua hayo na aende kumwuliza sasa, naye akijibiwa aandike kile alichoambiwa, bila kukiongezea hata siku moja.