Mnyaa ni Mlinzi Mkali

Mama mmoja wa Kibondo ameniuliza hivi: "Ua wa nyumba yetu ni wa minyaa. Watoto hucheza hapo kutwa, na mbuzi hufungwa papo hapo. Je, tuukate wote?" Swali hili ni letu sisi sote wa nchi ya juu ya Kigoma, maana hata huku Kasulu minyaa imezunguka nyumba na mazizi.

Mnyaa ni ule mti usio na majani ya kuonekana, wenye vijiti vya kijani, vya mviringo, kama penseli ya mwanafunzi. Tunaupenda kwa sababu kijiti kilichochomekwa ardhini huota, kiangazi hakiuui, na mifugo hawautamani. Lakini mbona mbuzi, mlaji wa kila kitu, auache? Ni kwa ajili ya ule utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo huunguza. Ziko nchi ambako watu huutia majini ili samaki walewe.

Mimi nami nilifundishwa kwa machozi. Mwaka juzi nilikuwa nikipunguza ua kwa panga. Mwanangu wa miaka sita akaokota vijiti, akachezea, kisha akajifikicha jicho. Aliona muwasho kidogo tu, nami sikujali. Ilipofika jioni jicho limevimba, halifunguki, mtoto analia. Jirani akaleta maji ya majani fulani, nasi tukamtia jichoni. Asubuhi mganga wa zahanati aliniuliza neno moja tu: "Maji ya mtungi wako yalikuwa wapi?" Nilikosa jibu. Siku nyingi kidogo zikapita kabla mtoto hajaona vema tena.

Basi, ndugu wasomaji, shikeni haya. Utomvu ukiingia jichoni, oshe papo hapo kwa maji safi mengi, robo saa nzima au zaidi, hata kama mtoto hajaanza kulia, kwani maumivu huweza kuchelewa. Msitie dawa ya majani wala kitu kingine chochote. Kisha mpelekeni zahanati siku ile ile. Ukiingia katika ngozi, osheni kwa sabuni na maji. Mtoto akiumeza, kinywa huwaka na tumbo huuma; asukutue kinywa, wala msimlazimishe kutapika, mkimbizeni kwa mganga. Mbwa au paka akipakwa, mwosheni kabla hajajilamba.

Liko na jambo jingine. Mwaka 1958 Daktari Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda, aliandika habari za uvimbe wa taya unaowapata watoto wa Afrika. Ni saratani. Mwaka 1964 Epstein na wenzake walitangaza kirusi walichokiona katika uvimbe huo. Baadaye wataalamu waligundua kwamba utomvu wa mnyaa waweza kukiamsha kirusi hicho, nayo malaria husaidia ugonjwa. Si kusema kila mtoto agusaye mnyaa ataugua, la. Lakini ni sababu nzuri ya kutowaachia watoto vijiti vyake viwe vitu vya kuchezea.

Sasa nimjibu mama. Hakuna haja ya kukata ua wote. Minyaa ya mbali, penye zizi na mpakani, iacheni ifanye kazi yake. Ile ya karibu na mlango na uwanja wa kuchezea, iondoeni, mweke matete au fito. Kazi hiyo ifanywe na mtu mzima, amevaa mikono mirefu na kuyakinga macho, watoto na mbuzi wakiwa mbali. Vijiti viokotwe vyote. Visitupwe zizini wala kuchomwa jikoni, kwa kuwa hata moshi wake huwasha macho. Panga lioshwe, na mikono pia.

Mlinzi mkali ni mwema, mradi wenye nyumba wamjue. Waonyesheni watoto mti huu leo, muwaambie jina lake na ukali wake. Mimi nilichelewa kumwambia wangu.