Simba, Yanga: Usajili haupimwi Julai

Kila dirisha kubwa likifunguliwa, hukumu za mtaani hutoka fasta. Picha ya mchezaji mpya ikishatupwa mtandaoni na video yake ya dakika tatu ikizunguka, tayari timu imeshabeba ubingwa. Akiuzwa staa, mabosi wameua timu.

Tatizo ni kwamba usajili wa Simba na Yanga haupimiki Julai. Ukitaka kujua nani anajua kupanga na nani anazima moto, rudi nyuma uangalie madirisha mawili: la 2021 na la 2023.

Agosti 2021 Simba ilikuwa bingwa mara nne mfululizo. Ikamuuza Luis Miquissone kwa Al Ahly na Clatous Chama kwa RS Berkane. Kibiashara hakukuwa na kosa. Miquissone alichukuliwa UD Songo ya Msumbiji Januari 2020, na mwaka mmoja na nusu baadaye anaitwa na klabu kubwa kuliko zote Afrika. Ndivyo biashara ya soka inavyotakiwa kwenda.

Shida ilikuwa siku ya pili yake. Wawili hao ndio waliokuwa wakifungua mabeki wa timu pinzani, na waliopewa viatu vyao, Pape Sakho na Peter Banda, walikuwa vijana waliohitaji muda. Sakho hakuwa mbovu, bao lake dhidi ya ASEC Mimosas lilichaguliwa na CAF kuwa bao bora la mwaka 2022. Lakini Msimbazi hakuna muda. Oktoba, Simba ikatupwa nje ya Ligi ya Mabingwa na Jwaneng Galaxy kwa kufungwa 3-1 kwa Mkapa, licha ya kushinda 2-0 ugenini. Kocha Didier Gomes akaondoka. Januari 2022 Chama akarudishwa. Ukiona klabu inamrudisha mtu iliyemuuza miezi mitano nyuma, ujue mrithi hakuandaliwa.

Dirisha lilelile, Jangwani walishusha Djigui Diarra, Djuma Shaban, Yannick Bangala, Khalid Aucho na Fiston Mayele. Ukiangalia orodha hiyo ni uti wa mgongo mzima: kipa, mabeki, kiungo mkabaji na straika. Yanga ikabeba ubingwa wa 2021/22 bila kupoteza mechi. Ilipobeba wa nne mfululizo 2024/25, Diarra na Aucho walikuwa bado wamo.

Mtihani wa kweli wa Yanga ulikuja 2023. Ilikuwa imetoka kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kocha Nasreddine Nabi akaondoka, Mayele akauzwa Pyramids, Feisal Salum na Bangala wakaenda Azam. Wengi waliitabiria kifo.

Akaja Miguel Gamondi, wakaja Pacome Zouzoua, Max Nzengeli na Yao Kouassi. Novemba 5, 2023 Simba ikala 5-1, huku Nzengeli akipiga mawili na Pacome moja. Msimu ukaisha Yanga ni bingwa na imefika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, ilikong'olewa kwa penalti tu na Mamelodi Sundowns.

Cha kujifunza hapo ni kwamba mrithi wa Mayele mwenyewe alibuma. Hafiz Konkoni aliletwa na hakumaliza msimu. Kama mpango wote ungekuwa umemtegemea yeye, Yanga ingeanguka. Lakini mabao yalihamia kwenye kiungo, na Stephane Aziz Ki, aliyesajiliwa mwaka mmoja kabla, akamaliza na mabao 21 ya ligi. Huko ndiko kupanga: mrithi alikuwa ndani ya nyumba kabla mwenye nafasi hajaaga.

Kipimo kingine ni mikataba. Feisal aligombana na Yanga miezi kadhaa, lakini mwisho wa siku aliondoka kwa kuuzwa. Upande wa pili, Chama alivuka kwenda Jangwani 2024 mkataba wake ulipomalizika. Mwaka uliofuata nahodha Mohamed Hussein 'Tshabalala' naye akapita njia hiyohiyo. Ukimuuza mchezaji kwa bei mbaya, angalau kuna kitu mkononi. Akimaliza mkataba akaenda kwa mtani, umempa adui mtu na wewe umebaki na picha za kumbukumbu.

Utasikia Yanga ina GSM, kwa hiyo ni suala la hela tu. Simba nayo ina Mo Dewji, na haijawahi kuwa timu ya kuombaomba. Tofauti kubwa ipo kwenye nani anaamua aina ya mchezaji anayetakiwa. Tangu Gomes, Simba imepita kwa Pablo Franco, Zoran Maki, Robertinho, Benchikha na Fadlu Davids. Kila kocha ana wake anaowataka, na wale wa mtangulizi wanageuka mzigo. Yanga msimu wa 2024/25 ilitumia makocha watatu na bado ikachukua kombe, kwa sababu kikosi hakikuwa mali ya kocha.

Haki itendeke kwa Simba pia. Usajili wa 2024 ulikuwa na akili. Ilikuwa imemaliza ya tatu, ikaamua kufumua kikosi na kuleta damu changa. Jean Charles Ahoua akawa mfungaji bora kwa mabao 16, na timu ikafika fainali ya Shirikisho. Wakati Ahoua anatambulishwa, wangapi walikuwa wanamjua? Kazi hiyo ilihitaji miaka miwili au mitatu, lakini Septemba 2025 Fadlu akaondoka, na hesabu ikaanza moja.

Kwa hiyo dirisha lijalo, kabla ya kuhesabu vyuma vilivyoshushwa airport, shabiki aangalie mikataba ya mastaa wake inaisha lini na nani anakaa benchi akisubiri nafasi zao. Yanga nayo ijibu maswali hayohayo, maana Aziz Ki ameshakwenda Wydad, na mataji manne mfululizo ndiyo hasa Simba iliyokuwa nayo Agosti ile ya 2021.